Barua Tatu za Mama Umba

Wino wa muhuri haunuki kama wino wa kalamu. Una harufu nzito ya mafuta, yenye ukali kidogo mwishoni, na ukikaa miaka mingi ndani ya turubai hugeuka kuwa harufu ya shuka za mtu aliyeugua muda mrefu. Niliitambua kabla sijauona mfuko wenyewe. Ilikuwa wiki moja baada ya matanga ya baba, nyumbani kwetu Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, nilipoinama kuvuta masanduku yake chini ya kitanda ili wadogo zangu wafagie. Nyuma ya sanduku la mwisho mkono wangu uligusa kitambaa kigumu, na pua ikanirudisha mara moja katika chumba chenye wavu wa chuma na kaunta ya mbao, nikiwa na miaka tisa au kumi, nikisikiliza muhuri ukianguka juu ya karatasi.

Ulikuwa mfuko wa posta. Shingo yake ilifungwa kwa kamba ya katani, na juu ya fundo palikuwa na kidonge cha madini ya risasi kilichobanwa kwa koleo, chenye alama ya Leta, kama tulivyoiita serikali. Kwenye fundo baba alikuwa ameambatisha karatasi ya makabidhiano, nakala mbili. Mahali pa mtoaji palikuwa na jina lake kamili na sahihi yake, kila herufi imesimama peke yake. Mahali pa mpokeaji palikuwa patupu.

Baba alikuwa karani wa posta katika mji mdogo wa reli, kaskazini mwa Katanga, mji uliozaliwa kwa sababu injini za zamani zilihitaji maji na kuni mahali fulani, na mahali pale palikuwa na mto. Babu yangu alilaza mataruma ya reli hiyo. Mwanawe akapewa kaunta. Posta ilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili, mkabala na stesheni. Nilisikia kwa wakubwa kwamba hapo kale gari-moshi lilikuja na behewa la posta mara mbili kwa juma, na ndani yake alikaa ofisa aliyekula kiapo, ambaye alipokea mfuko wa kwenda na kutoa mfuko wa kuja, kila mmoja akitia sahihi kwenye karatasi ya mwenziwe. Misheni, shule, daktari na wakuu wa reli walikuwa na visanduku vyenye ufunguo ukutani. Wengine wote, yaani mji mzima, waliitwa barazani. Baba alisimama juu ya ngazi akasoma majina kwenye bahasha, na mwenye jina akajibu "Niko!" kama mwanafunzi darasani. Ambaye hakuitwa alibaki amesimama, akiitazama mikono ya baba mpaka ilipokuwa mitupu.

Hayo mimi niliyaona mwishoni tu, mara chache. Kisha behewa la posta likaondolewa. Hakuna aliyekuja kutangaza. Siku moja gari-moshi lilifika bila hilo, na safari iliyofuata vivyo hivyo, na safari zenyewe zikawa za kubahatisha, moja kwa mwezi, moja kwa miezi miwili. Mshahara wa baba ulikoma kwa namna ile ile, bila barua. Lakini kila asubuhi alivaa koti lake la kaki, akafungua mlango kwa saa iliyoandikwa mlangoni, akachukua muhuri, akazungusha vigurudumu vya tarehe kwa ncha ya sindano, akaujaribu kwenye karatasi chakavu, akainua karatasi hiyo kwenye mwanga wa dirisha. Niliamini kwamba siku ilianzia pale. Baba akisahau kuzungusha kigurudumu, mji wetu ungebaki jana.

Imani hiyo ilikufa yenyewe, kama zinavyokufa nyingi za utotoni. Ile iliyokaa karibu nayo ndiyo iliyodhuru. Kwetu, karatasi isiyo na muhuri, au kashe kama tulivyosema, si kitu. Cheti cha ubatizo, hati ya kusafiri, matokeo ya shule: watu wasiojua kusoma walitafuta kwanza kile kiduara cha wino, wakakigusa kwa kidole, wakaridhika. Kashe ilimaanisha kwamba jambo limekwisha. Basi mimi nilielewa kwamba barua husafiri wakati ule ule inapopigwa. Karatasi hubaki nyuma kama ganda la karanga, lakini maneno yamekwisha kufika. Hakuna aliyenifundisha hivyo, na hakuna aliyenisahihisha.

Jirani yetu alikuwa Mama Umba. Tulimwita kwa jina la mwanawe, mtoto ambaye wakati huo alikuwa hajaanza kutembea na aliyekaa mgongoni mwake tangu alfajiri, mama akikaanga mikate ya kuuza stesheni. Mumewe, Banza, alikuwa ameondoka kwenda Lubumbashi kutafuta kazi ya kuchomelea vyuma. Aliacha anwani ya karakana moja katika komini ya Kenya, mtaa wa mji huo wenye jina la nchi, na ahadi moja: akipata chumba, atawaita. Mama Umba hakujua kuandika, nami nilikuwa na mwandiko ambao masista waliwaonyesha wageni. Kwa hiyo alikuja kwetu mchana, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema, nami nikaandika.

"Mukono yako iko muzuri," alisema kila nilipomaliza, akiitazama karatasi kwa mbali kama mtu anayetazama kitenge dukani. "Banza akiona hii, atasema nilipata bibi ya pili ndani ya nyumba, bibi ya kusoma."

Barua ya kwanza iliomba habari. Ya pili ilisema kwamba Umba anatembea. Ya tatu ilikuwa tofauti. Baba yake Mama Umba alikuwa amevuka mto kuja kumwambia kwamba mwanamume anayenyamaza hivyo ameoa kwingine, na kwamba mvua ikikatika bila neno lolote kutoka Lubumbashi, atamrudisha nyumbani na kumpa mume mwingine, ambaye alikuwa amekwisha kumuulizia. Mama Umba aliisema barua hiyo polepole. Aliniambia nifute maneno mawili, kisha akaniambia niyarudishe. Nayakumbuka yote hadi leo. Nikiandika kitu kwa mkono wangu, hakinitoki tena.

Tulipokuwa tukiipeleka posta, gari-moshi lilikuwa limesimama stesheni, la kwanza tangu muda mrefu. Papa Kabange, mtu wa breki, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya behewa la mwisho akila mkate wa Mama Umba.

"Mama Umba, ile ni mukanda?" aliuliza. Mukanda ndilo neno letu la barua. "Nipe. Siku ya tatu niko Lubumbashi. Kenya miye niko najua mpaka panya zake."

Mama Umba alisita. Bahasha ilikuwa mkononi mwangu, nami niliificha nyuma ya mgongo.

"Mukanda bila kashe ni maneno ya kinywa tu," nilisema. Ilikuwa sentensi ya baba, neno kwa neno.

Kabange alicheka mpaka makombo yakamrukia shati. "Ee, mutoto ya Papa Posta! Mama, chunga biashara yako, huyu atakuya kupiga kashe hata ku mikate!"

"Mumuache," alisema Mama Umba, naye akicheka. "Anajua kazi ya baba yake." Akanishika bega, tukavuka njia kuelekea kwenye kaunta.

Gari-moshi lile halikukwama popote. Nimekwisha kulihesabia safari yake mara nyingi: siku ya tatu Papa Kabange alikuwa Lubumbashi, na mikono mitupu.

Baba aliipima bahasha, akaipiga muhuri mara moja, nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi kama inavyotakiwa, akaiangusha ndani ya mfuko uliotundikwa kwenye ndoano. Mama Umba alishukuru akaenda kuuza mikate iliyobaki. Kisha nje kipenga kikalia, na magurudumu yakaanza kusaga. Nilitazama ndoano.

"Papa, gari inaenda. Mufuko iko hapa."

"Nimpe nani?" alisema bila kuinua macho. Baba alisema Kiswahili cha misheni, hata nyumbani, hata akiwa na homa. "Yule wa breki hakula kiapo. Barua za watu si kuku wa kubebwa na yeyote."

"Sasa hazitafika?"

"Umeuona muhuri?"

"Nimeona."

"Basi zimekwisha kutoka mikononi mwa watu. Ziko mikononi mwa Leta."

Nilitoka nje nimeridhika kabisa. Ndivyo nilivyokuwa nimeelewa tangu mwanzo, na sasa mwenye kujua alikuwa amethibitisha.

Mvua ilikatika. Asubuhi moja, vumbi likiwa limeanza kurudi barabarani, Mama Umba alitoka nyumbani kwake na beseni kichwani, na ndani yake sufuria, nguo na karai la mikate. Umba alitembea kando yake akishika ukingo wa kitenge. Baba yake Mama Umba na kaka zake walikuwa wametangulia kwenye njia ya mto. Alisimama mbele ya mlango wetu, mahali nilipokuwa nikipepeta mchele.

"Mutoto," aliniita. "Uniambie kweli. Ile mukanda ya tatu ilifika?"

"Ilifika, mama."

"Weye uliona?"

"Niliona na macho yangu. Papa alipiga kashe."

Aliinama akamfunga Umba kifungo cha shati, kifungo ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Basi alisoma," alisema.

Akatoa mkate mmoja chini ya kitambaa cha beseni akanipa, kwa ajili ya kazi yangu ya kuandika. Ulikuwa bado na joto. Niliula wote kabla hawajafika mtoni. Sikumwona tena.

Posta yetu haikufungwa na mtu. Paa lilianguka upande wa kaunta katika msimu mwingine wa mvua, na baba akakubali hatimaye kuhamia Lubumbashi kwa ndugu zake. Alibeba muhuri, koleo, mizani na huo mfuko. Huku alipata kazi ya kuandika majina katika rejista za shule. Mimi nilisoma, nikaendelea kusoma, na maisha yangu yote yamepita kati ya maandiko ya Kilatini na wanafunzi ninaowafundisha kwamba nakala isiyo na tarehe ni ya kushukiwa. Watu husifu uangalifu wangu. Wanadhani niliupata chuoni.

Kutoka Hewa Bora mtu hutembea kwa miguu hadi Kenya na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Baba alitembea zaidi ya hapo kila Jumapili kwenda kumsikiliza padri aliyempenda kwa sababu hakukosea mpangilio wa misa. Miaka yote hiyo anwani ilikuwa chini ya kitanda chake, kwa mwandiko wa binti yake. Alikuwa akingoja ofisa aliyekula kiapo aje kutia sahihi mahali pa mpokeaji. Au alikuwa akiona haya. Huenda yote mawili. Jamaa waliokuja matangani walimsifu kwamba hakupoteza hata barua moja ya watu, na ni kweli. Sijamsamehe, wala sioni sababu ya kufanya haraka.

Nilikata kamba kwa kisu cha jikoni. Barua za watu wengine bado ziko mezani kwangu, na zamu yao itafika. Nilizitoa zile tatu. Gundi ilikuwa imeshika vizuri, bahasha zimefungwa kama siku ile. Nilizigeuza, na hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuja kulijua ukubwani: barua iliyofika hupigwa muhuri wa pili, mgongoni, na posta iliyoipokea. Migongo ya bahasha zote tatu ilikuwa mitupu. Ningeligeuza bahasha moja tu ya zile zilizokuja, siku za baraza, ningelijua.

Karakana ilikuwepo bado. Katika Kenya vijana wa barabara ile walinielekeza bila kuuliza mara mbili. Mzee Banza alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma alichokichomelea mwenyewe, akiwaangalia wajukuu wa mke wake wa pili wakikata nondo. Nilimweleza mimi ni nani, nikaziweka barua juu ya magoti yake.

"Miye niliandikaka mara mbili ku posta," alisema. "Hakujibu. Nyuma mutu mumoja akaniambia: bibi yako, bamemuolesha kule ngambo. Nikasema, basi, alichoka na miye."

"Alingoja mpaka mvua ilipokatika, papa."

"Umba alikuyaka huku, alishakuwa mukubwa. Iko Naviundu, anauzisha mbao. Hanisalimie. Mama yake mbele ya kufa alimuambia: baba yako alisoma mikanda yangu yote tatu, akanyamaza."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya mchele, ya swali na ya jibu langu. Sikupunguza kitu. Hakunitazama, kidole gumba chake kilikuwa kikipita polepole juu ya gundi ya bahasha. Nilimuuliza kama anataka nimfungulie.

"Hapana!" Alizivuta kifuani. "Mutu asifungue. Mutoto akiona ziko zimefungwa, atajua sikusoma. Nitasoma kisha, pamoja naye."

Tulikwenda Naviundu, pembezoni mwa mji, siku iliyofuata. Alikuwa amevaa suti, barua zimo ndani ya mfuko wa plastiki alioukunja mara nne. Umba ni mtu mnene, mwenye penseli nyuma ya sikio. Nilimtafuta usoni yule mtoto wa kifungo nisimpate. Aliniletea mimi kiti. Baba yake akaachwa amesimama. Nilieleza tena, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza mbele ya wanafunzi. Alizipokea bahasha kwa ncha za vidole na jicho lake likaenda kwanza kule ambako jicho la kila mtu wetu huenda.

"Kashe njo hii," alisema. "Zilipitaka ku posta."

"Zilipigwa muhuri tu, hazikusafiri. Tazama, bado zimefungwa. Na nyuma hakuna muhuri wa kufika."

"Mama, gundi iko inauzwa ku soko kila siku."

"Umba, mwana wangu," alianza mzee.

"Weye siongei na weye, papa. Niko naongea na huyu mama." Alinigeukia, bila ukali, kwa heshima hata. "Mama yangu alikuulizaka kama mukanda ilifika. Ulimujibu nini?"

"Nilimwambia ilifika."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi. Pengine chini yake."

"Leo uko mukubwa, ulisoma sana, unakuya na huyu muzee kuniambia haikufika. Sasa niamini nani? Ule mutoto hakukuwa na sababu ya kudanganya."

Alimrudishia baba yake bahasha, akachukua penseli nyuma ya sikio, akaenda kumpimia mteja ubao.

Tulirudi kwa miguu hadi darajani. Maji ya mto Naviundu yalikuwa machache, yenye rangi ya udongo. Mzee Banza aliegemea ukingo, akaukunja tena ule mfuko wa plastiki, akaurudisha ndani ya koti. Nilidhani sasa atazifungua.

"Hapana," alisema, ingawa sikuwa nimeuliza. "Pengine kesho atakuwa na roho ingine. Zikae vile." Kisha: "Weye njo uliandika. Unakumbuka?"

"Nakumbuka yote."

"Sema ile ya tatu. Polepole."

Nikaisema, pale darajani, pikipiki zikipita nyuma yetu, kwa maneno ya kinywa tu.

"Papa Umba, jambo. Miye na mutoto tuko wazima. Umba anaota meno ya nyuma, analia. Baba yangu anasema mvua ikikatika bila neno yako, atanipeleka ngambo kwa bwana mwingine. Miye sitaki. Utume neno moja tu, hata kama ni mubaya. Kama haunijibu, nitajua ulisoma na ulinyamaza."

Aliniomba niirudie sentensi ya mwisho. Niliirudia. Midomo yake ilijaribu kitu.

"Uko na karatasi?"

Nilikuwa na daftari.

"Andika. Neno moja. Andika: kuya."

Kuya kwetu ni njoo. Nilifungua ukurasa mweupe. Kabla sijaandika neno lake, mkono wangu ulikuwa umekwisha kuandika tarehe.